Msongo wa mawazo na uraibu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanaotumia, na zaidi na mama, wake na ndugu zao: kwenye foleni ya kliniki, kwenye simu usiku, hata msibani. Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya hali za pekee. Kama una dharura sasa hivi, nenda moja kwa moja swali la 9 (aliyeacha pombe au vidonge ghafla) au la 13 (aliyezidisha dozi).

## Ya msingi

1. Mawazo na dawa za kulevya vinahusiana vipi hasa?

Mwili ukihisi hatari, ubongo huamrisha tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini na kortisoli. Moyo unaenda mbio, misuli inakaza, usingizi unaruka. Mpango huo unafaa sana ukikutana na nyoka njiani. Shida ni pale hatari inapokuwa kodi ya nyumba, marejesho ya mkopo wa kausha damu, ndoa ya kipigo au mtoto asiyepona. Hatari ya namna hiyo haiishi jioni, na mwili nao haupoi.

Pombe, unga (heroini), vidonge vya usingizi na bangi hugusa mfumo huohuo na kuutuliza kwa saa chache. Ubongo unakariri: nikiwa hivi, dawa ni hii. Sehemu hiyo watu wengi wanaijua. Wasichokijua ni kinachofuata. Kadiri mtu anavyozidi kutumia, mfumo wenyewe wa kukabili msongo unavurugika na kubaki umeamka hata siku isiyo na tatizo lolote. Mtafiti wa Marekani George Koob ameandika kwa miaka mingi juu ya upande huu: mtu aliyeanza kutumia ili ajisikie vizuri, anaishia kutumia ili asijisikie vibaya. Karibu majibu yote yaliyo hapa chini yanatoka hapo.

2. Kwa hiyo mawazo peke yake yanaweza kumfanya mtu awe teja?

Hapana. Wenye mawazo ni wengi mno kuliko wanaotumia unga. Kuna urithi wa damu, kuna umri wa kuanza (ubongo wa kijana wa miaka 14 hunasa upesi kuliko wa mtu mzima), na kuna suala la dawa kupatikana hapo mtaani.

Mfano ninaoupenda ni wa askari wa Marekani waliopigana Vietnam. Heroini ilikuwa rahisi kupatikana kule, na karibu askari mmoja kati ya watano alijiona ameshakuwa mraibu. Serikali ilishikwa na hofu, na mwaka 1971 ikaanza kuwapima mkojo kabla ya kuwarudisha. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia nyumbani. Kati ya waliokuwa waraibu vitani, takribani asilimia 5 tu ndio waliorudia uraibu katika mwaka wa kwanza. Vita ilibaki nyuma, pamoja na kambi na maswahiba wa kuvuta nao, na heroini haikuwa tena jirani. Sasa mtazame kijana wetu anayetoka hospitali na kurudishwa chumba kilekile, mita chache kutoka maskani yaleyale, bila kazi. Tunamlaumu kwa kushindwa jambo ambalo hata wale askari hawakutakiwa kulifanya.

3. Mwanangu hakukosa kitu nyumbani. Kwa nini yeye?

Inawezekana kweli hakukosa kitu, na sababu ni damu au marafiki. Lakini uliza taratibu. Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walitoa matokeo ya utafiti wa maelfu ya watu wazima huko San Diego. Waliwauliza kuhusu utotoni: kupigwa, kudhalilishwa kingono, kuona mama akipigwa, kuishi na mlevi au mtu aliyefungwa. Waliopitia mambo manne au zaidi walikuwa na hatari ya ulevi, matumizi ya dawa, sonona na kujaribu kujiua iliyokuwa kubwa mara 4 hadi 12 kuliko wasiopitia lolote.

Kwetu mambo haya hufunikwa, hasa aliyeyafanya akiwa mtu wa nyumbani, ili jina la ukoo lisichafuke. Mtoto anabaki na siri, na siri hiyo haimpi usingizi. Akija kuonja kitu kinachoizima kwa saa nne, hutamuweza kwa hotuba. Usimhoji kama polisi. Mwambie tu kwamba siku akitaka kusema utamsikiliza na utamwamini, kisha timiza.

## Vitu vyenyewe, kimoja kimoja

4. Mbona nikivuta sigara natulia kweli?

Unatulia kweli, ila angalia unachotulia nacho. Nikotini hupungua mwilini nusu nzima kwa takribani saa mbili. Ikipungua unaanza kukereka, kukosa umakini, kuwa na hasira za bure. Sigara inayofuata inaondoa usumbufu ulioletwa na iliyotangulia. Ni mkopo wa kausha damu: unakutoa jasho la leo na kukudai zaidi kesho.

Watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti 26 na kuzichapisha mwaka 2014. Walioacha kabisa, baada ya wiki kadhaa walikuwa na wasiwasi, huzuni na msongo mdogo kuliko walipokuwa wakivuta. Siku za mwanzo ni ngumu, na ndizo zinazowadanganya wengi kwamba sigara ndiyo ilikuwa dawa.

5. Mume wangu anasema bila pombe halali. Ni kweli?

Kusinzia anasinzia. Pombe huleta usingizi upesi, halafu ikishaanza kuisha mwilini, kuelekea alfajiri, usingizi unakatika vipande. Anaamka saa tisa moyo ukidunda, koo kavu, madeni yote yamekaa kitandani pamoja naye. Mchana anakuwa mchovu na mkali, jioni anahitaji tena. Baada ya miezi, wasiwasi anaoutibu umeshakuwa wasiwasi wa pombe yenyewe. Gongo na chang'aa zina hatari ya ziada, maana huwezi kujua kilichochanganywa ndani.

Asikate ghafla kama anakunywa kila siku. Soma swali la 9 kwanza.

6. Mimi ni bodaboda. Mirungi si ya kazi tu?

Majani yale mabichi yana kathinoni, kemikali iliyo ndugu wa amfetamini. Inaamsha, inakata njaa, inapandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Ni mfumo ule wa swali la 1, safari hii ukiwashwa kwa makusudi.

Siku ya dereva huwa hivi. Ametoka tangu alfajiri, hesabu ya tajiri bado haijatimia, ananunua kifungu akitafune hadi saa sita usiku. Akifika nyumbani hawezi kulala, anateremsha kwa bia mbili au kidonge alichopewa duka la dawa bila cheti. Kesho anaamka mzito, mnyonge, hana hamu ya chochote, na kifungu kinaanza mapema zaidi. Ukimuuliza anatumia nini atakwambia mirungi tu, kumbe ana vitu viwili vinavyovutana ndani ya mwili mmoja, na tatizo la kwanza lilikuwa hesabu ya siku. Ongea na tajiri kuhusu saa za kazi kabla ya kununua kidonge.

Kisheria, mirungi ni kosa Tanzania, ilhali Kenya miraa ni zao la biashara. Moyo hauna habari na mpaka wa Namanga.

7. Na bangi? Si inatuliza tu?

Kidogo huwatuliza baadhi ya watu. Nyingi huleta wasiwasi, hofu na kushuku watu. Kwa kijana mdogo, hasa mwenye historia ya ugonjwa wa akili kwenye ukoo, inaongeza hatari ya kuchanganyikiwa. Aliyezoea kila siku akiacha, atakosa usingizi na kuwa na hasira kwa wiki moja hadi mbili. Hasira hizo ni za kuacha, na hazithibitishi kwamba aliihitaji.

## Arosto na kuacha

8. Arosto ni kitu gani? Mbona anakuwa kama mtu mwingine?

Ni mateso ya mwili uliozoea dawa pale unapoikosa. Unga hukandamiza sehemu za ubongo zinazotoa kemikali za tahadhari. Ubongo nao hujibu kwa kuongeza nguvu. Unga ukikosekana, breki imeachiwa ghafla. Kwa anayetumia heroini, dalili huanza ndani ya saa 8 hadi 24 tangu mara ya mwisho: kamasi, machozi, miayo isiyokoma, malaika kumsimama, tumbo kukata, kuhara, mifupa kuuma, miguu kurusharusha usiku kucha. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi, na baada ya wiki hivi mwili unaanza kutulia.

Kwa hiyo arosto yenyewe ni msongo, na mkali kuliko wote. Kijana anayeiba simu ya mama yake asubuhi hiyo hajaacha kumpenda. Anakimbia kitu ambacho mwili wake unakisoma kama kifo. Nasema hivi si kwa kuhalalisha wizi. Nasema ili ujue kwamba kumgombeza saa hiyo ni kupoteza maneno. Ngoja atulie.

Usingizi na furaha huchelewa kurudi, pengine miezi. Kipindi hicho cha ubaridi ndicho watu wengi hurudia (swali la 12).

9. Naweza kuacha ghafla mwenyewe nyumbani?

Inategemea ni kitu gani. Arosto ya unga inatesa sana lakini kwa mtu mzima mwenye afya ni nadra kuua, mradi asiishiwe maji kwa kuhara na kutapika.

Pombe ya kila siku ni jambo jingine. Degedege linaweza kuja kati ya saa 6 na 48 baada ya chupa ya mwisho. Siku ya pili au ya tatu anaweza kutetemeka mwili mzima, kuwa na homa, kuona vitu visivyokuwepo na kusema ovyo. Hiyo inaua. Wengi hudhani karogwa au ana malaria, wanapoteza siku nzima. Mpeleke hospitali na useme wazi kwamba alikuwa mlevi na ameacha lini. Vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu vina hatari hiyohiyo. Hupunguzwa polepole kwa mpango wa daktari.

10. Tumfungie chumbani au tumpeleke kijijini?

Kumfunga kwa minyororo au kufuli hakutibu. Unamwongezea hofu na fedheha, vitu vilevile vinavyomsukuma kutumia. Akitoka, uwezo wa mwili wake kuhimili unga umeshuka, na dozi ya zamani inaweza kumuua (swali la 13).

Kijijini kunaweza kusaidia kama kuna mtu anayemtaka, kazi ya kufanya na njia ya kufika hospitali. Kama ni kumficha tu ili majirani wasione, atakwenda na mawazo yake, na upweke juu yake. Unguja na Pemba kuna nyumba za upataji nafuu, zinazoendeshwa zaidi na watu waliowahi kutumia wenyewe. Faida yake kubwa ni kuamka kila siku kati ya watu ambao huna haja ya kuwaeleza arosto ni nini. Kabla ya kulipa nyumba yoyote, nenda ukaione na uulize kama wanapiga watu. Wakipiga, ondoka.

11. Methadoni si kubadilisha unga kwa unga?

Hili ndilo swali linalorudiwa kuliko yote. Heroini hupanda haraka na kuisha kwa saa chache, kwa hiyo mtu anapanda na kuanguka mara kadhaa kwa siku, na kila anguko ni arosto na hekaheka za kutafuta pesa. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga inayotolewa kliniki, hunywewa mara moja, hupanda polepole na hukaa siku nzima. Dozi ikishakaa sawa mtu halewi wala haumwi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, mfumo wake wa msongo unapata kupumzika, na hapo ndipo ushauri nasaha unaanza kuingia akilini.

Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011. Zikafuata Mwananyamala, Temeke na mikoa mingine. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014 Nairobi, kisha Malindi, na Zanzibar mwaka 2015. Utaratibu wa dirishani hauna siri: muuguzi anasoma kadi, anapima dozi, unakunywa mbele yake, unapewa maji, na anakusemesha kidogo kuhakikisha umemeza.

Kero ya kweli ni kufika kila siku. Nauli ya kwenda na kurudi, na tajiri asiyeelewa kwa nini unachelewa, vimewaangusha watu waliokuwa wanaendelea vizuri. Kama familia inauliza itoe msaada gani, anzeni na nauli, ikiwezekana mmoja wenu amsindikize.

## Kurudia

12. Alikuwa ameacha muda mrefu. Kwa nini alirudia baada ya msiba wa baba yake?

Kwa sababu mfumo uliovurugika (swali la 1) unapona polepole kuliko uso na mwili. Katika maabara ya Chuo Kikuu cha Yale, Rajita Sinha na wenzake waliwasikilizisha watu walioacha dawa simulizi za mambo yaliyowaumiza katika maisha yao wenyewe. Hamu ya kutumia ilipanda, ingawa hakuna aliyetaja dawa wala kuionyesha. Msiba, kufukuzwa kazi, talaka, hata harusi yenye maswali mengi ya ndugu, vinaweza kufanya hivyohivyo.

Basi matanga yanahitaji mpango. Nani atakaa naye usiku? Atapataje dozi yake ya methadoni wakati wa safari ya mazishi? Rambirambi atazishika nani badala yake? Mkiyapanga haya siku ya kwanza, mmemsaidia kuliko kumwambia ajikaze kiume.

13. Kwa nini wanaorudia hufa ghafla?

Mwili ukikaa bila unga, hata wiki chache tu, unasahau kuuhimili. Anayetoka gerezani, hospitali au nyumba ya upataji nafuu akipiga kiasi cha zamani, pumzi inaweza kusimama. Hatari inazidi akichanganya na pombe au vidonge.

Ukimkuta haamki, midomo imebadilika rangi, anakoroma au anapumua kwa shida: ita msaada, mpulizie pumzi mdomoni kama hapumui, na kama anapumua mlaze ubavu. Usimnyweshe maziwa wala maji, vitampalia. Mkimbize hospitali na uwaambie ametumia nini, maana ipo dawa ya naloksoni inayofungua pumzi kwa dakika chache. Kuogopa aibu kumewazika vijana wengi.

14. Hamu ikinishika nifanye nini?

Hamu hupanda, hufika juu na hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, hata usipoilisha. Kazi yako ni kuvuka nusu saa hiyo ukiwa mahali pengine na mtu mwingine. Jiulize mambo manne ambayo vikundi vya waliopata nafuu huulizana: nina njaa? Nina hasira? Niko mpweke? Nimechoka? Sahani ya ubwabwa na usingizi vimeokoa watu wengi kuliko tunavyokiri. Mpigie mtu simu kabla ya kutoka nyumbani, maana ukishafika kona ya maskani umechelewa. Na pesa taslimu zikae kwa unayemwamini.

Tanzania unaweza kupiga 119 bure kwa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Kenya piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya huko ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, nayo ni bure.

## Familia

15. Nimpe pesa au nisimpe?

Lipa kitu, usitoe fedha: chakula, nauli unayompandisha mwenyewe, dawa. Ukikataa, kataa kwa sauti ya kawaida na usirudie mhadhara wa jana. Nyumba yenye kelele kila siku humrudisha kwenye maskani, ambako hakuna anayemgombeza.

16. Dua, ruqya au maombi yanasaidia?

Yanatuliza moyo, na moyo uliotulia ni sehemu ya tiba. Kumrudisha mtu katika safu ya swala au kwaya kunampa watu na ratiba, vitu anavyovihitaji mno. Tatizo ni pale anapoambiwa aache methadoni ili athibitishe imani yake, au anapochapwa ili "kitoke". Kiongozi wa dini mwenye busara atasoma dua na kumsindikiza kliniki.

17. Mimi mama ndiye sasa silali. Kuna msaada kwangu?

Upo, na uutafute bila kuona haya. Shinikizo la damu na vidonda vya tumbo vya mama vimeanzia kwenye uraibu wa mtoto katika nyumba nyingi ninazozijua. Kliniki nyingi huzungumza na familia, kwa hiyo omba siku yako peke yako. Mgawane zamu na ndugu. Na usianze kumeza vidonge vya usingizi vya jirani.

## Hali za pekee

18. Ninatumia methadoni na Ramadhani inakaribia.

Kunywa methadoni mchana kunafunguza. Zungumza na kliniki mapema, Shaabani, uone kama saa inaweza kusogezwa, na zungumza na sheikh kuhusu ruhusa ya mgonjwa. Usijipunguzie dozi mwenyewe.

Kwa wasio kwenye tiba kuna hatari isiyosemwa. Wengine huacha unga mwezi mzima kwa heshima ya mfungo, kisha wakarudi siku ya Idi kwa kiasi cha zamani. Ni hali ileile ya swali la 13. Kama umeweza mwezi, nenda kliniki kabla mwezi haujaandama.

19. Nina mimba na ninatumia unga. Niache leo?

Usikate ghafla peke yako. Arosto kali inaweza kuleta uchungu kabla ya wakati au kuharibu mimba. Tiba inayopendekezwa ni methadoni pamoja na kliniki ya wajawazito. Mtoto anaweza kuzaliwa na dalili za arosto, nazo hutibika hospitalini, ndiyo maana wakunga wanapaswa kujua mapema. Kunyonyesha ukiwa kwenye methadoni kwa kawaida kunaruhusiwa, ila uliza kwa hali yako. Ukitukanwa na mhudumu, na hutokea, omba kuonana na mwingine. Usiache kuhudhuria.

20. Niliacha unga, sasa nimevunjika mguu na daktari anataka kunipa morfini.

Mwambie ukweli kabla ya sindano. Maumivu yasiyotibiwa nayo ni msongo mkubwa, na yamewarudisha watu kwenye unga kuliko dawa ya hospitali iliyosimamiwa vizuri. Dozi yako ya methadoni ya kila siku haitatosha kuondoa maumivu ya kuvunjika, wala usiiache. Kliniki ijulishwe siku hiyohiyo kwamba umelazwa, ili daktari wa wodi na wa kliniki wapange dozi pamoja. Ukiruhusiwa na tramadoli au dawa nyingine kali, ashike ndugu, akupe kwa saa iliyoandikwa, na zikibaki zirudishwe duka la dawa la hospitali.